Prolaktini imepanda na MRI imeonyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari: je, ni lazima nifanyiwe upasuaji?

"Daktari, naomba unisaidie. Nina umri wa miaka 31 na bado sijapata mtoto. Kwa miezi saba sasa sijaona hedhi, na matiti yote mawili yanatoa maziwa ingawa nilipima mimba mwanzoni na sikuwa nayo. Nilipimwa damu, prolaktini, yaani homoni ya kutengeneza maziwa, ikawa 68, wakati karatasi ya majibu inasema kiwango cha kawaida hakizidi 25. Nikapelekwa kwenye MRI ya kichwa, na majibu yakasema kuna uvimbe wa milimita 4 kwenye tezi ya pituitari. Tangu siku hiyo silali. Kila asubuhi nakamua matiti nione kama maziwa yamekauka, na bado yanatoka. Kichwa hakiniumi na naona vizuri. Dawa pekee ninayotumia ni domperidoni mara tatu kwa siku, niliyoandikiwa karibu mwaka mmoja uliopita kwa ajili ya kichefuchefu na tumbo kujaa. Ndugu zangu wanasema uvimbe wa ubongo ni saratani, na kwamba nikichelewa kufanyiwa upasuaji nitapofuka. Wengine wanasema tezi hii ndiyo inayoongoza homoni zote, kwa hiyo mwili mzima utaharibika. Je, ni kweli? Na je, nitaweza kuzaa?"

Pole sana, dada. Kukosa hedhi kwa miezi saba kunatosha kumtia mtu wasiwasi, na neno uvimbe likitajwa pamoja na kichwa, si ajabu usingizi ukatoweka. Nianze na yale yanayokutisha zaidi. Kwa maelezo uliyonipa, sioni dalili ya saratani, sioni sababu ya kukimbilia upasuaji, na uvimbe wa ukubwa huo hauyatishi macho yako. Tena upo uwezekano mkubwa kwamba uvimbe huo hauhusiki kabisa na maziwa wala na hedhi. Katika barua yako yote, maneno yaliyonifanya nisimame na kusoma upya ni yale machache uliyoyataja kama jambo la kupita tu, kwamba umetumia domperidoni mara tatu kwa siku kwa karibu mwaka mzima. Nitaeleza kwa nini, lakini ni lazima kwanza tuielewe tezi yenyewe.

Tezi ya pituitari haimo ndani ya ubongo. Inaning'inia chini yake kwa kikonyo chembamba, imelala katika kishimo cha mfupa nyuma ya pua, karibu na katikati ya kichwa, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama nusu gramu. Uvimbe unaoota humo karibu kila mara huwa adenoma, yaani seli za tezi zilizoongezeka mahali pamoja bila kusambaa kwenye viungo vingine. Saratani halisi ya pituitari ni nadra kiasi kwamba daktari bingwa wa homoni anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Kwa upande mwingine, vivimbe vidogo visivyo na madhara vipo kwa wingi kuliko watu wanavyodhani: watu wakipigwa picha ya kichwa kwa sababu nyingine kabisa, au maiti zikichunguzwa, takriban mtu 1 kati ya 10 hukutwa na kivimbe kidogo kwenye tezi hii ambacho hakikuwahi kumsumbua. Jambo hilo ni muhimu sana kwako, kwa sababu maana yake ni kwamba kukiona kivimbe kwenye picha hakutoshi kukifanya kiwe chanzo cha ugonjwa.

Hofu ya upofu nayo ina asili ya kweli. Juu kidogo ya tezi hii ndipo neva za macho yote mawili zinapokutana na kupishana, na uvimbe mkubwa ukipanda juu huzibana, mgonjwa akaanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vilivyo pembeni, kushoto na kulia, kabla hata hajatambua kwamba anavipoteza. Lakini uvimbe unaohesabiwa kuwa mkubwa ni ule unaofikia milimita 10 na kuendelea, na hata huo si lazima uguse neva. Wako wa milimita 4 umebaki ndani ya kishimo chake, mbali na njia hiyo.

Sasa nije kwenye lile la mwili mzima kuharibika. Ni kweli kwamba pituitari inaziongoza tezi nyingine, ila haiziongozi zote, na yenyewe pia inaongozwa. Sehemu yake ya mbele hutengeneza homoni 6 zilizo mashuhuri. Moja, ambayo kwenye karatasi ya majibu huandikwa TSH, huiamuru tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na kwa njia hiyo hugusa joto la mwili, mapigo ya moyo na kasi ya kuchoma nishati. Nyingine, ACTH, huziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni inayoshikilia shinikizo la damu na sukari na kumwezesha mtu kustahimili maradhi. Sisi madaktari tunauhofia upungufu wa hii kuliko wa nyingine zote, kwa sababu mtu akiikosa anaweza kufa kwa homa ambayo mwingine angeipita bila shida. Homoni ya ukuaji humrefusha mtoto, na kwa mtu mzima huendelea kutunza misuli, mifupa na mgawanyo wa mafuta mwilini. Kisha ziko mbili zinazofanya kazi pamoja, FSH na LH: kwa mwanamke ya kwanza hukuza vifuko vya mayai katika ovari na ya pili hulitoa yai lililopevuka, na kwa mwanamume huziwezesha korodani kutengeneza mbegu na testosteroni. Ya sita ni prolaktini, ambayo huyaandaa matiti na kutengeneza maziwa.

Sehemu ya nyuma ya tezi haitengenezi homoni yoyote. Hupokea na kuhifadhi homoni 2 zinazotengenezwa juu yake, katika eneo la ubongo liitwalo haipothalamasi, kisha huzimwaga kwenye damu zinapohitajika. Vasopresini huziagiza figo zirudishe maji mwilini, na anayeikosa hukojoa lita nyingi kwa siku na kuandamwa na kiu mchana na usiku. Oksitosini huubana mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua na huyasukuma maziwa yatoke mtoto anapovuta titi. Kwa hiyo prolaktini huyatengeneza maziwa na oksitosini huyatoa. Hizi ni kazi mbili za homoni mbili, ingawa watu wengi huzichanganya.

Haipothalamasi hiyohiyo ndiyo inayoitawala sehemu ya mbele. Huteremsha kemikali zake kupitia mishipa midogo ya damu iliyo kwenye kikonyo, kila kemikali na seli inazozilenga, nayo haipothalamasi husikiliza kiwango cha homoni kilicho kwenye damu ili iongeze au ipunguze maagizo. Roger Guillemin na Andrew Schally walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kuzitambua baadhi ya kemikali hizo, baada ya kazi ndefu ya kuzichuja kutoka kwenye idadi kubwa mno ya bongo za kondoo na nguruwe. Nayataja haya ili uone jambo moja, kwamba kila homoni ya pituitari ina seli zake na njia yake ya kuamriwa. Kivimbe cha milimita 4 katika kona moja ya tezi kwa kawaida hakizizuii seli nyingine kufanya kazi. Kuporomoka kwa homoni zote kwa pamoja huja pale uvimbe unapokuwa mkubwa na kuibana tezi yote, au tezi inapokosa damu, kama inavyotokea mara chache kwa mama aliyevuja damu nyingi mno wakati wa kujifungua.

Prolaktini inatofautiana na wenzake kwa jambo la msingi, na jibu la swali lako linaanzia hapo. Homoni nyingine za sehemu ya mbele husubiri kusukumwa ndipo zitoke. Seli za prolaktini, zikiachwa peke yake, hutoa homoni bila kukoma, na kinachozizuia ni dopamini inayoteremka kutoka haipothalamasi saa zote, kama gari lililo mteremkoni linavyozuiwa na breki. Chochote kinachoilegeza breki hiyo huipandisha prolaktini, hata kama tezi ni nzima kabisa.

Domperidoni hufanya hivyo hasa. Dawa hii hutuliza tumbo kwa kuziba vipokezi vya dopamini, yaani yale maeneo kwenye seli ambako dopamini hushika ili ifanye kazi. Ni kweli kwamba hupenya kidogo sana kuingia kwenye ubongo, na ndiyo maana huonekana salama kuliko metoklopramidi, dawa nyingine ya kichefuchefu, kwa upande wa mishtuko ya misuli na mitetemeko. Lakini tezi ya pituitari iko nje ya ukuta unaoukinga ubongo, kwa hiyo dawa inaifikia moja kwa moja kupitia damu, inaziba vipokezi vyake, na prolaktini inapanda. Kutoa maziwa na kukosa hedhi ni madhara yanayojulikana ya dawa hii. Metoklopramidi hufanya vilevile, na pia dawa nyingi za magonjwa ya akili. Mbali na dawa, prolaktini hupandishwa na mimba, na kunyonyesha, na udhaifu wa tezi ya thairoidi, na ugonjwa wa figo uliokomaa, na hata msongo wa siku ya kipimo.

Liko jingine unalolifanya kwa mikono yako, nami nakuomba uliache leo. Kukamua matiti kila asubuhi hutuma ujumbe kupitia neva za kifua hadi haipothalamasi, ujumbe uleule unaotumwa na mtoto anayenyonya, na mwili hujibu kwa kutoa prolaktini zaidi na oksitosini ya kuyasukuma maziwa. Kwa maneno mengine, unapochungulia kama maziwa yamekauka, unauambia mwili kwamba bado yanahitajika. Kukamua peke yake kusingekufikisha kwenye 68 wala kusingekukatia hedhi, ila kunachelewesha maziwa kukauka na kunaweza kuvuruga kipimo kijacho.

Hedhi je? Prolaktini nyingi huidumaza ile midundo ya haipothalamasi inayoiambia pituitari itoe LH na FSH. Midundo ikififia, yai halipevuki wala halitoki, ovari hupunguza estrojeni, homoni kuu ya kike, na hedhi hukatika. Ovari zako hazijafa wala mayai hayajaisha. Yanasubiri amri ambayo haiji. Hivyo ndivyo mwili unavyomchelewesha mama anayenyonyesha asipate mimba nyingine haraka.

Tuirudie ile 68, ambayo ninaamini inapimwa kwa nanogramu katika kila mililita ya damu. Uvimbe unaotengeneza prolaktini huwa na tabia ya kutoa kiwango kinacholingana na ukubwa wake, na kiwango kikizidi 200 huwa tunauelekezea kidole uvimbe huo kwa ujasiri. Kiwango cha 68 kiko katikati: domperidoni peke yake inaweza kukifikisha hapo na kupita, na kivimbe cha milimita 4 kinachotengeneza prolaktini nacho kinaweza. Kwa kuisoma namba hiyo tu, au kwa kuiangalia picha tu, siwezi kuvitenganisha viwili hivi, na nisingependa daktari yeyote akuanzishie matibabu ya uvimbe kabla havijatenganishwa.

Kuvitenganisha si kazi ngumu. Pima mimba tena, kwa kuwa kipimo cha mwanzoni hakiwezi kusema lolote kuhusu miezi iliyofuata. Omba upimwe thairoidi na figo. Kisha mwone aliyekuandikia domperidoni, mkubaliane uiache, na prolaktini ipimwe tena baada ya angalau siku 3 bila dawa. Mimi hupendelea kusubiri wiki moja au mbili kama hali ya tumbo inaruhusu. Damu itolewe asubuhi ukiwa umetulia, ukiwa hujagusa matiti. Hata kama prolaktini isingekuwepo kwenye mazungumzo haya, dawa hiyo ingestahili kuangaliwa upya: mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilishauri domperidoni isitumike kwa kawaida zaidi ya wiki moja, kwa sababu inaweza kuyavuruga mapigo ya moyo. Kichefuchefu kilichodumu mwaka mzima nacho kinahitaji kutafutiwa chanzo. Hapa niwaonye na wasomaji wengine: anayetumia dawa ya ugonjwa wa akili asiiache kwa sababu ya kusoma haya, bali azungumze kwanza na daktari anayemtibu, maana ugonjwa ukirudi madhara yake yanaweza kuwa makubwa kuliko ya prolaktini.

Prolaktini ikishuka na kuwa ya kawaida, tumempata mhusika. Maziwa yatakauka taratibu, hedhi kwa kawaida hurejea ndani ya wiki au miezi michache, na kile kivimbe kitabaki kuwa kitu kilichoonekana kwa bahati tu. Daktari atapima mara moja kwamba hakitoi homoni nyingine kupita kiasi, na huenda akarudia MRI baada ya mwaka mmoja kuhakikisha hakikui.

Ikibaki juu, na mimba, thairoidi na figo havihusiki, basi huenda kivimbe kinatengeneza prolaktini kweli. Hata hapo habari si mbaya. Vivimbe vidogo vya aina hii vikiachwa bila dawa, chini ya 1 kati ya 10 ndivyo hukua. Mwanamke anayeendelea kupata hedhi na asiyesumbuliwa na maziwa anaweza kufuatiliwa tu bila matibabu. Kwako wewe nisingeshauri kusubiri kwa muda mrefu, kwa sababu kukosa hedhi maana yake ni estrojeni kidogo, na estrojeni ikikosekana kwa mwaka au miaka mifupa hupungua uimara wake bila kutoa ishara yoyote. Asiyetaka mimba anaweza kupewa vidonge vya estrojeni na projesteroni kulinda mifupa. Anayetaka mtoto, kama wewe, hupewa dawa inayoiga dopamini, na ninayoichagua kwanza ni kabegolini, inayomezwa mara moja au mbili kwa wiki. Zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wenye uvimbe mdogo hurudi kwenye kiwango cha kawaida, na uvimbe wenyewe mara nyingi husinyaa. Bromokriptini nayo hufanya kazi, ila humezwa kila siku na huleta kichefuchefu zaidi. Zote mbili zinaweza kumfanya mtu ahisi kizunguzungu anaposimama, kwa hivyo huanzwa kwa dozi ndogo, pamoja na chakula, wakati wa kulala. Lipo dhara lisilotajwa mara nyingi ambalo napenda wagonjwa walijue mapema: watu wachache hushikwa na hamu wasiyoweza kuizuia, ya kamari, ya kununua vitu au ya ngono, na aibu huwafanya wanyamaze. Ikitokea, ni dawa inayofanya hivyo, na daktari aambiwe mara moja. Matibabu yakienda vizuri kwa angalau miaka 2, tunaweza kujaribu kupunguza dozi na hatimaye kuiacha.

Upasuaji hufanywa kupitia puani, bila kufungua fuvu, na mikononi mwa daktari aliyezoea kazi hii huwa na matokeo mazuri kwa vivimbe vidogo. Tunaupendekeza kwa anayeshindwa kuvumilia dawa, kwa yule ambaye dawa haikumsaidia, au kwa anayeuchagua baada ya kuelezwa yote. Lakini ndio wenye uwezekano wa kuzijeruhi zile seli nyingine nilizozieleza, na kwa sababu hiyo siuweki mbele kwa mtu ambaye hajathibitishwa hata kuwa na ugonjwa.

Kuhusu kuzaa, nafasi yako ni nzuri katika hali zote mbili. Jihadhari na jambo moja tu: yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, hivyo prolaktini ikishaanza kushuka unaweza kushika mimba kabla hujaona damu hata mara moja. Ukiwa kwenye kabegolini na kipimo kikaonyesha mimba, mwarifu daktari. Kwa mwenye uvimbe mdogo dawa kwa kawaida husimamishwa. Wakati wa ujauzito tezi hutanuka kwa kila mwanamke, na kwa wenye vivimbe vidogo ni takriban 2 au 3 kati ya 100 ambao uvimbe hukua kiasi cha kuwaletea dalili. Kunyonyesha kunaruhusiwa.

Daktari wa kumwona ni bingwa wa homoni, na kama ni vigumu kumpata, bingwa wa magonjwa ya ndani au wa magonjwa ya wanawake anaweza kuvianza vipimo hivi. Mpelekee dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, pamoja na picha yenyewe ya MRI, si ripoti peke yake. Mweleze pia kama pete au viatu vimeanza kukubana, kama uso umejaa na ngozi inachubuka kirahisi, au kama unachoka na kupungua uzito bila sababu, kwa kuwa hizo ni ishara za homoni nyingine na zina vipimo vyake. Akipima thairoidi, asiishie kwenye TSH peke yake, bali apime na homoni ya thairoidi yenyewe, kwa sababu pituitari iliyodhoofika inaweza kutoa TSH inayoonekana ya kawaida wakati mwili una upungufu.

Miadi hiyo inaweza kusubiri wiki kadhaa. Kisichosubiri ni maumivu makali ya kichwa yanayozuka ghafla, hasa yakiambatana na kutapika, kuona vitu viwiliviwili, kope kuanguka, macho kufifia au mtu kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Hilo si la kawaida kwa uvimbe mdogo kama wako, lakini linaweza kuwa damu iliyovuja ndani ya tezi, na ACTH ikikatika ghafla mwili hukosa kotisoli ndani ya saa chache. Likitokea, nenda hospitali usiku huohuo na uwaambie unapofika tu kwamba una uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ili wakupe kotisoli bila kusubiri majibu ya vipimo.